Mwalimu Hindu na Kiti cha Mgeni Rasmi

Mwalimu Hindu Swaibu anastaafu tarehe 5 Desemba, baada ya kufundisha Kiswahili na fasihi katika shule yetu ya Makindye kwa miaka thelathini na mitatu. Uongozi umemwandalia keki, saa ya ukutani na hotuba nne, zote za wanaume waliowahi kumpinga. Hatuna choyo sisi.

Alizaliwa Kisugu, binti wa mwalimu wa madrasa. Alipofika kwetu, Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya kambini. Mzazi mmoja alikuja kuuliza kama binti yake anasomeshwa au anaandikishwa jeshini. "Asome kwanza, ssebo, bwana wangu," Hindu akamjibu. "Vita atavikuta mbele."

Mkuu wa idara wakati huo, Mwalimu Onen, alikuwa na orodha ya vitabu kumi na viwili vya fasihi. Waandishi wote walikuwa wanaume, na wanawake waliomo vitabuni walikuwa na kazi mbili: kulia na kufa. Hindu akaomba viongezwe vitatu vya wanawake. Onen, kwa upole aliojaliwa, akamweleza kwamba wanawake huandika mambo ya nyumbani tu. Kwamba wanafunzi wetu nao wana nyumba, hilo halikumsumbua mtaalamu.

Basi Hindu akaandika mwenyewe, likizo baada ya likizo, riwaya ya mjane wa Kyebando anayefungua darasa la kusoma ndani ya duka lake. Jaladani paliandikwa: H. Swaibu. Sisi tulimwita Mama Iman, na kwa miaka minane hakuna aliyejisumbua kuuliza jina lake la pili. Kamati ya vitabu ikaipenda riwaya, ikaipitisha. "Huyu bwana anawajua wanawake kuliko wanavyojijua," alisema naibu mkuu, Mwalimu Okwir. Mama Iman, katibu wa kikao, akaiandika kauli hiyo neno kwa neno.

Siku ya fasihi, Bwana H. Swaibu akaalikwa kwa barua yenye mhuri. Mbuzi akachinjwa. Saa nne ikafika, mgeni haonekani, na Okwir akamwagiza Mama Iman atayarishe chai. Akalitua birika, akapanda jukwaani, akaketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe.

"Mama Iman, hicho ni cha mgeni," Okwir akanong'ona, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Ndiye mimi. Barua yenu nimeipata."

Wasichana walishangilia hadi walinzi wakaja mbio. Wiki iliyofuata, kamati iligundua ghafla kwamba kitabu kile kimejaa mambo ya nyumbani. Kura za kukiondoa zilikuwa saba kwa moja. Mimi, Oyat, ninayeandika wasifu huu, nilikuwa mmoja wa wale saba. Nilikuwa natafuta cheo, na nilikipata: msimamizi wa foleni ya chakula.

Wanafunzi wakaamriwa kurudisha nakala. Adoch, binti wa sajenti, akakataa. Alipotishiwa kufukuzwa, alisema, "Mama bado hajamaliza." Kumbe mama yake, aliyeachia shule darasa la tatu, alikuwa akijifunza kusoma kwa kitabu hicho pamoja na majirani wanne. Kesho yake sajenti akaja ofisini na sare zake, akamuuliza Okwir kwa adabu kitabu kina kosa gani. Kabla ya chakula cha mchana kitabu kilikuwa kimerudi darasani. Miaka yote ile hatukujua kwamba sare ni tawi la uhakiki wa fasihi.

Leo orodha yetu ina waandishi wanawake saba. Adoch ni mwalimu mwenzetu, na mkusanyiko wake wa hadithi unasomwa kidato cha pili. Uongozi, bila shaka, unasema mabadiliko hayo ulikuwa umeyapanga tangu zamani.

Mwaka jana nilimwandikia Mwalimu Hindu barua ya kumwomba radhi. Aliirudisha ikiwa na masahihisho kumi na moja kwa wino mwekundu, na chini yake neno moja: "Imepokelewa." Nimeihifadhi.

Asante, Mwalimu. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, na usiache kuandika. Safari hii tutasoma jina lote.