Fungu la Dabui

Kwenye lori la abiria la mji wa Madang nilibanwa kati ya mama mmoja na mzee wasiojuana. Mama alitoa vidonge mkobani, akavigawa mafungu mawili.

"Homa imeniacha," alisema. "Fungu hili namwekea mume wangu Dabui. Naye anatetemeka."

"Usigawe, mama," mzee alisema. "Dawa ya kwanza uliyomeza imeua vijidudu vya malaria vya kwenye damu. Hii inavifuata vilivyolala kwenye ini. Ukikatiza, vitaamka."

"Kwetu hata samaki mmoja tunagawana."

"Nusu samaki bado ni samaki. Nusu dozi si dozi." Akatema nje mate mekundu ya popoo aliyokuwa akitafuna, kwa bahati upande usio wangu. "Na dawa hiyo huharibu damu ya baadhi ya watu. Mpeleke akapimwe damu, apewe yake."

"Anaogopa sindano. Sasa nimeze peke yangu, yeye ananitazama?"



Lori likasimama. Dabui alikuwa kando ya barabara, amejifunika blanketi kwenye jua kali, amekuja kumpokea mkewe. Mama akakusanya mafungu yote mawili kiganjani, akafumba ngumi, akashuka.

Dabui akaishika ngumi ileile, wakaondoka.