Mama Shanga na Makaburi Saba ya Watoto

Ndugu waombolezaji, dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Shanga, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaendelea na sekondari, kisha chuo kikuu, akahitimu masomo ya mambo ya kale mwaka 1982, na mwaka huohuo akaajiriwa makumbusho, katika stoo ya mifupa, kazi ambayo mama hakuipenda, akisema kuzoeana na wafu si kuzuri.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mtoto wa kiume, aliye hapa nasi, na wa kike, aliyefariki kwa homa tarehe 2 Februari 1994, akiwa na miaka minne.

Mwezi Agosti mwaka huo, yeye na wenzake wanne walichimba pango, wakakuta makaburi saba ya watoto wa maelfu ya miaka iliyopita, moja juu ya jingine. Wa kwanza, wa chini kabisa, alizikwa mikono mitupu, wa pili na shanga tatu, wa tano na bangili za pembe, na wa saba, wa umri wa binti yake, na shanga elfu moja na mia mbili, zilizolika kwa kuvaliwa na watu wazima. Wataalamu walisema huyo ni mtoto wa mkubwa wa ukoo, marehemu akakataa.

"Hii si heshima," alimwambia mumewe. "Walikuwa wanavua kila walichonacho, wanaomba kitu kikome."

Shemeji akamuuliza kama kilikoma, akajibu kwamba juu ya kaburi la saba hawakuona hata jivu la moto la mtu aliyeishi pale baadaye, kisha akakiri kuwa pete yake ya ndoa, aliyodai imepotea, aliificha ndani ya jeneza la binti yao.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2016, madaktari wakagundua kwamba mapafu yaliharibiwa na vumbi la kinyesi cha popo la pangoni, akafariki tarehe 9 Mei 2019, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliompikia uji, na wafanyakazi wenzake. Kati ya watano walioingia pangoni, yeye ni wa nne kututoka, na wa tano, mchora ramani, tumemsikia akikohoa tangu asubuhi, tunamwomba kesho aende hospitali bila kuchelewa.

Dada, mapumziko yako yawe ya amani.