Damu Iliyoshinda Ukame

Kati ya ng'ombe mia mbili, ukame ulimwachia Lembris kumi tu, dume akiwa mmoja. Miaka imepita, sasa ana majike thelathini na tisa, karibu wote watoto wa dume yule, ambaye bado ni dume wake pekee. Juzi shemeji yake kampa dume mwingine. Lembris hakumtaka kundini, asije akaichafua damu iliyoshinda ukame. Ndiyo maana asubuhi hii alishuka Babati kumfuata daktari wa mifugo, waende kwake Simanjiro wakamhasi. Akamsubiri mtaa wa Bagara, kwenye benchi la kahawa la Mama Egidius, pamoja na Mudy, fundi pikipiki aitwaye Injini, na Salvatory muuza misumari, waliyembatiza Profesa.

— Mhasi, mzee! alisema Injini. Dhaifu wamekufa, imebaki mitambo.

— Haba na haba hujaza kibaba, akadakia Profesa. Nguvu za wafu mia na tisini zimehamia kwa hao kumi.

— Ukame mwingine ukija, ndama watakunywa mara moja kwa mwezi!

— Watakula mawe. Mchumia juani hulia kivulini!

Lembris alicheka, moyo ukamtulia. Pembeni, binti mmoja aliyemsikia Lembris akiwasimulia yote akaweka kikombe chini.

— Shikamooni. Naitwa Wilhelmina. Chuoni nasoma hesabu za vizazi vya mifugo.

— Marahaba. Tupe hesabu basi, alisema Profesa.

— Majike thelathini na tisa kwa dume mmoja, kwa kuwa ndama wote baba yao ni huyo huyo, kwa upande wa damu ni sawa na kundi la ng'ombe wanne hivi. Na kundi likipungua sana, bahati huchagua kuliko nguvu. Baba, wale kumi ukame uliwakuta wapi?

Lembris alimgeukia.

— Nyumbani. Majike walikuwa na ndama wachanga, Naishiye mke wangu akawazuia. Dume alikuwa na kidonda mguuni. Wenye nguvu niliwapeleka mimi mwenyewe malisho ya mbali. Huko ndiko walikoishia.

Alikuwa hajawahi kuyasema kwa mpangilio ule.

— Pole sana, Baba. Sasa hiyo bahati, ndama anairithi?

Injini akamtazama Profesa.

Pikipiki ya daktari ikasimama, koleo la kuhasia limefungwa nyuma.

— Twende, mzee?

Lembris aliinuka taratibu.

— Twende, daktari. Ila hilo koleo liache. Ukampime huyo dume afya tu, kesho aingie kundini.