Ngurumo Hakukohoa

Ndugu waombolezaji, historia hii ya fundi saa wetu imeandikwa na dada yake mkubwa, huyu anayewasomea, na kwa kuwa mdomo wake mnaujua, anaomba leo mmvumilie mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1953, kitinda mimba wa nyumba ya watoto wawili, na tangu mchanga alikoroma kama mzee mwenye kitambi, dada akambandika jina la Ngurumo, likamganda. Alisoma toka 1960 hadi 1967, akitolewa nje mara kwa mara kwa kusinzia, kisha akajifunza ufundi saa, na kufikia 1972 alikuwa na meza yake dirishani, wasichana wakimletea saa zisizo na ubovu wowote.

Vita vilipofika mwaka wa tatu, askari wakawa wanazoa vijana majumbani, alifichwa darini kwa dada yake siku kumi na tisa, na fundi cherehani wa nyumba ya pili, shoga wa dada, akawaficha wadogo zake wawili vivyo hivyo. Tarehe 3 Februari 1975, kwenye foleni ya bomba la maji, dada aliona wanawake wamenuna, akataka wacheke, akasema kwake hahitaji redio, dari inakoroma mpaka vumbi linamwagikia sufuriani. Walicheka mno. Tarehe 5 askari waliingia, hawakuuliza kitu, wakatazama juu, na walipompata marehemu wakapasua dari za mtaa mzima, wakaondoka na watatu.

Wadogo wa fundi cherehani waliuawa mstari wa mbele mwaka uleule, majina yao yamechongwa kwenye ukuta wa mashujaa. Marehemu alirudi 1977, mikono ikitetemeka, hakuziweza tena saa za mkononi, akabaki na za ukutani zenye skrubu kubwa. Askari walikuwa wamemtania njiani kuhusu ile foleni, kwa hiyo alijua, lakini mtaa ulipouliza alisema kosa ni lake, alikohoa. Kwa kikohozi hicho fundi cherehani hakuitikia salamu yake miaka arobaini na saba, na dada, msema yote, hilo moja hakulisema.

Alioa tarehe 20 Agosti 1981, akajaliwa mabinti wawili. Mjane anasema alilala ameketi, wala hakukoroma hata siku moja. Aliugua figo tangu Januari 2024, akafariki tarehe 14 Mei, saa tisa alasiri, baada ya kukoroma tangu asubuhi, wodi nzima ikilalamika, dada ameketi mlangoni akimkatalia kila aliyetaka kumwamsha.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na wewe shoga, uliyemshonea dada hili gauni jeusi kabla hujasikia haya. Hakukohoa. Dada haombi umsamehe, anaomba umwitikie marehemu salamu yake, hata moja, kabla hajafukiwa.

Koroma, Ngurumo, dada yako amefunga mdomo. Pumzika kwa amani.