Marehemu Muhtasari, Mume wa Chiriku

Ndugu, majirani, na nyinyi wenzake wa redioni mliofika kwa wingi, asanteni. Mimi ni dada yake marehemu, niliyemfuata ziwa.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona mashuka wa hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Jina la Muhtasari alipewa na mama. Tukigombana, mama alimwita yeye aeleze kilichotokea, naye alimaliza kwa sentensi tatu, ya tatu ikiwa hukumu. Bakora zilifuata.

Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na stesheni ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1967. Darasani hakuwa moto wala baridi, lakini kila asubuhi mwalimu mkuu alimsimamisha mbele awasomee wenzake gazeti. Sauti alijaliwa. Hata mimi niliyepigana naye kwa mito, akianza kusoma nilinyamaza.

Aliajiriwa redioni Februari 1970, na kwa miaka mingi kipindi cha tarehe 31 Desemba, "Mwaka Tuliouvuka", kilikuwa chake: siasa, michezo, sanaa, na mwisho wale waliotutoka. Kwa kuwa mafundi mitambo walikwenda likizo katikati ya Desemba, kipindi kilirekodiwa mapema. Jambo ambalo halijajulikana lilirekodiwa kwa namna mbili, mkanda wa heri na mkanda wa shari, kisha ule usiohitajika ukafutwa.

Mwaka 1986 nchi nzima ilikuwa roho juu. Kulikuwa na kura ya kubadili bendera, kulikuwa na fainali ya kombe, na Chiriku, yule mwimbaji wetu, alikuwa mahututi hospitalini. Mambo yakaenda heri tupu. Bendera mpya ikapita, kombe likaja, Chiriku akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya kipindi, kaka akiwa peke yake studio, akaweka kwa makosa mkanda wa shari, uliokuwa haujafutwa.

Watu wakamsikia akisema kura imeanguka, penalti zimepotea, Chiriku ametangulia mbele ya haki. Sauti ile, jamani, nani angeibishia? Taarifa ya asubuhi ilisahihisha. Bendera ilikuwa mlingotini, watu wakaiona. Kombe lilikuwa kabatini, ingawa mpaka leo wapo waliokuwa uwanjani wanaoapa kwamba tulifungwa. Chiriku hakuwa na mlingoti wala kabati. Daktari aliyemruhusu alimpelekea mama yake rambirambi. Kwa msusi Chiriku alikaa kitini, mteja mwingine akaja akataka kumkalia. Mama yake mzazi alisikia hodi, akafungua mlango, akatazama huku na huku, akafunga, akaendelea kulia.

Januari Chiriku alimfuata kaka kazini.

"Karibu, dada," kaka akamwambia.

Akaangua kilio palepale mlangoni. "Unaniona?"

"Nisikuone kwa nini, na umesimama mbele yangu?"

"Basi wewe ndiye uliyenizika. Nifukue."

Kaka alisahihisha hewani tena na tena, mpaka mkuu wake akamkataza, eti anawasumbua wafiwa. Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawajafanya kazi redioni. Lakini kitu kimoja kiligundulika. Kaka akikwambia ana kwa ana, "Msalimie Chiriku," ulishtuka, ukamwona, mkaongea vizuri tu. Kaka akitoka chumbani, ulimsahau. Mimi mwenyewe, wifi yake, nimewahi kujikuta jikoni nautazama mwiko ukikoroga sufuria peke yake, nywele zimenisimama.

Walifunga ndoa tarehe 4 Juni 1988 mbele ya msajili, aliyeuliza mara mbili kama bibi harusi amechelewa. Hawakujaliwa mtoto. Kaka alikataa kila cheo kilichomtaka asafiri. Jumamosi alimtangulia sokoni: "Huyu mke wangu, mpimie vizuri, na usimpunje." Kilichoanza kwa majuto kiligeuka mapenzi, na ukipita dirishani kwao ulisikia vicheko viwili.

Machi mwaka jana koo lilianza kumkwaruza kaka, na hospitali ikakuta saratani. Sauti ikatangulia kuondoka. Hapo ndipo tulipoogopa. Wifi akaanza kututoka machoni hata kaka akiwa amekaa naye, na kaka akawa anagonga meza kwa kijiko mpaka tumtazame. Wauguzi walimhurumia, wakisema mzee huyu hana wa kumuuguza, kumbe mkewe hakubanduka kitandani pake. Siku ya mwisho kaka alinivuta sikio, akanong'ona: "Mdogo wangu, wewe una sauti kama yangu. Mimi niache, mtaje yeye." Alifariki Jumanne iliyopita asubuhi.

Marehemu ameacha dada wawili, wapwa watano, na mjane. Kwenye karatasi mlizoshika mjane hayumo. Mchapaji anaapa kwamba sikumwandika, nami nilimwandika kwa mkono wangu huu. Basi nasema kwa kinywa. Mjane wake ni Chiriku. Yu hai. Amekaa mstari wa mbele, kwenye kile kiti mlichokirundikia mikoba. Iondoeni, tafadhali. Amelia tangu Jumanne bila mtu wa kumfuta machozi, na leo alfajiri nimeamka nikajiuliza kilio kile ni cha nani. Ndiyo maana naogopa.

Kwa hiyo msielekee kaburini kwanza. Piteni mbele yake mmoja mmoja, mpeni mkono, mwambieni pole. Kesho mje tena, na keshokutwa, maana mimi peke yangu sitaweza. Tukizika mmoja leo, kaka atapumzika kwa amani. Tukizika wawili, msinitake niseme maneno hayo.