Kitanda cha Immakulata Bazilio (1977–1998)

Immakulata, tunayemzika leo hapa Kibondo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1977 huko Heru Juu, Kasulu, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Bazilio na mama Theodosia. Mdogo wake Winnie alipozaliwa miaka mitano baadaye, Immakulata alikuwa hamwachii mtu amshike, mpaka majirani wakawa wanamtania kwamba amezaa.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1991. Hakuchaguliwa kuendelea, akajifunza cherehani kwa masista. Gauni lake la kwanza alimshonea Winnie, mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwingine. Winnie alilivaa hivyo hivyo, akakaa misa nzima amekunja mkono ili dada yake asichekwe. Baadaye kazi ilimkubali, wateja wakawa wanamfuata nyumbani.

Mwaka 1994 Melkiadi, fundi baiskeli wa rika lake, alileta posa. Mama Theodosia alikataa. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia, na kila mtu aliamini ni wa vijana. "Hawa vijana wanahangaika ovyo, watakuletea maradhi," alimwambia bintiye. "Wewe olewa na mtu mzima, aliyetulia." Akaja Stanislaus, mfanyabiashara wa Kibondo, miaka arobaini na saba, mpole, amefiwa na mke. Mke huyo alikonda mpaka akaisha. Watu wakasema amerogwa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Biashara ilimlaza Stanislaus huko Manyovu, mpakani, wiki nzima nzima, na hilo nalo likaitwa kutulia. Ndoa ilifungwa Jumamosi, 4 Februari 1995. Bibi harusi alikuwa na miaka kumi na saba. Melkiadi yuko hapa leo na mkewe, wazima wa afya.

Binti yao Jeanne alizaliwa 1996, na homa za mama yake zikaanza mwaka huo huo. Ukaja mkanda wa jeshi, kisha kikohozi kisichokoma. Alipopimwa hospitali ya Kabanga aliambiwa ukweli, naye hakumficha mumewe. Stanislaus alijibu, "Mimi siumwi popote. Nikapimwe nini?" Wapo waliotaka hapa paandikwe tu kwamba aliugua kwa muda mrefu. Alikuwa na UKIMWI, na aliukuta ndani ya ndoa.

Siku zake za mwisho alimshika mama yake mkono. "Mama, Winnie asije akalala kitanda changu."

"Sawa, mwana wanje, mwanangu," alijibu mama Theodosia, akidhani mgonjwa anaogopa matandiko yatamwambukiza mdogo wake. Immakulata alipofariki, Jumapili 13 Septemba 1998, mama alilitoa godoro nje akalichoma moto, akaona ametimiza.

Jana wazee wa pande zote mbili walikaa. Wamekubaliana Winnie aingie kwa shemeji yake, amlee Jeanne na kuendeleza nyumba. Stanislaus, walisema, ni mtu mzima, ametulia. Pale kikaoni ndipo mama Theodosia alipoyaelewa maneno ya marehemu. Aliyasema mbele ya wote, akaambiwa msiba umemchanganya, akaombewa maji ya kunywa.

Immakulata ameacha mama, mume, binti mmoja, na mdogo wake Winnie, miaka kumi na sita, aliyekaa pale mbele na gauni aliloshonewa na dada yake, safari hii mikono yote sawa. Stanislaus ameshanunua godoro jipya.

Apumzike kwa amani, kama ataweza.