Mzee Subiri na Dakika Nane

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kikosi cha helikopta ya uokoaji, mkaguzi wetu wa maeneo ya kutua anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi wetu hata jina lake kamili hatulijui. Ni Mzee Subiri, basi.

Alianza kazi kama mjaza mafuta. Siku moja helikopta ilitua karibu na soko, upepo wake ukang'oa mwavuli na kumvunja taya muuza viatu aliyekuwa amekaa zake. Hapo Mzee akaomba awe mtu wa kulinda wapita njia. Tangu siku hiyo hakuna aliyetua kabla Mzee hajazunguka kiwanja akikusanya ndoo, viti vya plastiki na nguo za watu kambani. Tulimtania kwamba alifaa kuwa dobi. Aliwahi kumvua mkurugenzi kofia mbele ya wageni, akaikalia. Mkurugenzi alinuna wiki nzima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hadi leo sijalisahau.

Mwaka jana mimi, muuguzi wa helikopta, nilimbeba msichana aliyeumia katika ajali ya basi, damu haikatiki. Nilisoma jina lake redioni. Mzee, aliyekuwa akitungoja hospitalini, akatukatalia kutua kwenye maegesho. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, watu wamejaa, na pembeni kuna mabati ya mafundi wa paa. Akatupeleka uwanja wa mpira, ng'ambo ya barabara. Tukachelewa dakika nane, jamani! Tulipopinda juu ya maegesho, mabati mawili yaliruka yakaangukia mabenchi ambayo alikuwa ametoka kuwaondoa kina mama na watoto wao. Niliyaona kwa macho yangu, na bado hasira haikupoa.

Uwanjani alishika machela upande wa kichwa. Msichana akamwita baba. Sikushtuka, nani asiyemwita mtu mzima baba? Jioni niliandika barua ya malalamiko, kwamba hana huruma na majeruhi.

Kesho yake nilimkuta Mzee wodini amemshika msichana yule mkono. Mama mmoja pembeni akaniambia huyo ni mumewe, na aliyelala ni kitindamimba wao. Masalale! Jina nililisoma mimi mwenyewe, naye alijua anamchelewesha nani. Barua ilikuwa imeshafika kwa wakubwa. Alipotakiwa kujieleza, aliandika mstari mmoja tu, kwamba ni kweli alimchelewesha majeruhi dakika nane. Habari ya mwanawe hakuigusa.

Barua hiyo ingali kwenye jalada lake. Leo naifuta mbele yenu nyote, na ninamwomba radhi. Binti yake amekaa safu ya mbele, fimbo kando yake. Daktari hajasema kama fimbo ile imetokana na basi au na zile dakika nane, na Mzee hajawahi kumwuliza.

Asante, Mzee wetu, kwa niaba ya watu wengi wasiojua kwamba uliwaokoa. Tunakuombea mapumziko mema na marefu, wewe, mama na binti. Leo usiinuke. Viti tutakusanya sisi.